Kofi la Pili

*"Hujambo Daktari. Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili, naishi Donholm na nafanya kazi katikati ya jiji. Alhamisi iliyopita nilifika nyumbani saa tatu usiku nimeloa mvua, nikakuta sweta ya shule ya kifungua mimba wangu imeungua kwa pasi, na msichana wa kazi ameificha chini ya mto wa kochi. Nikampiga kofi. Akaniambia, 'Pole, mama.' Hapo nikavua saa, nikaiweka mezani, nikampiga kofi la pili. Kinachonitisha ni hilo la pili. Sikuwa na hasira tena. Nilimwona ananiogopa nikasikia raha. Mume wangu anasema nisijisumbue, hawa usipowakaza watakupanda kichwani. Pasta aliniombea akasema ni shetani alinipitia. Mwenyewe asubuhi aliamka akapika chai kama kawaida. Ni msichana mzuri, ana miaka 19, tunamlipa 9,000, na hata Jumapili hatoki, anabaki na mdogo tukienda kanisani. Mimi naimba kwaya, sijapigana na mtu tangu nikiwa shule. Je, mimi ni mtu mbaya? Au nina ugonjwa wa akili?"*

Dada yangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama pale pale: kwenye saa. Mtu aliyepandwa na hasira havui saa. Hupiga ikiwa mkononi, mkoba ungali begani na maji ya mvua yakimtiririka usoni. Wewe uliifungua ukaiweka mezani, pengine kwa uangalifu ili kioo kisikwaruzike. Kile kitambo cha kufungua mkanda, sekunde nne au tano, ndicho kinachokunyima usingizi, na ni sawa kikunyime. Wengi wangeandika barua hii wakaiacha saa nje. Wangesema walipandwa na hasira wakapiga makofi mawili, basi. Wewe umeitia ndani, kwa hiyo nitakujibu kama mtu anayetaka kujua.

Nianze na la ugonjwa kwa kuwa ni fupi. Barua haitoshi kumpima mtu, lakini katika uliyoyaeleza sioni ugonjwa. Ulijua unafanya nini, ulijua ni kosa, na baadaye moyo ukakusuta. Nimefanya kazi na wagonjwa wa akili hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka ishirini, na linaloniuma ni jinsi tunavyowatwika ubaya wetu sisi wazima. Mtu akitenda ukatili tunasema huyo ni mwendawazimu, ilhali wagonjwa wangu hupigwa mara nyingi kuliko wanavyopiga. Usingizi ukiendelea kukuruka, au ukiona mkono unataka kurudia, usingoje, tafuta mshauri umwone ana kwa ana. Lakini usiende kutafuta jina la ugonjwa ili likusitiri.

Watu wawili wamejaribu kukusaidia. Wote wawili wanakupenda, na wote wawili wamekuonyesha mlango wa kutokea. Mumeo amelitoa kosa kwako akalipeleka kwa msichana. Pasta amelitoa akalipeleka kwa shetani. Lugha yetu nayo ina mlango wa tatu, ambao kwa bahati hukuutumia: tungesema umefanya unyama. Nimeishi na neno hilo miaka mingi na bado silikubali. Mbwa humng'ata anayemwingilia. Simba huua ashibe, na akishashiba hulala. Sijaona mnyama anayetulia kwanza, akavua kitu chake akakiweka pembeni, ndipo akarudi kumuumiza aliyekwisha kusema pole. Hilo ni la binadamu, nasi tunaliita unyama ili lisiwe letu.

Simpingi pasta wako. Mimi mwenyewe ni mtu wa kanisa, na sina ugomvi na anayeamini kwamba shetani yupo. Ila "kupitia" ni neno la mpita njia. Mpita njia hupita akaenda zake, na nyumba ikabaki ilivyokuwa. Ndiyo maana mtu anaweza kusema shetani alinipitia, akarudia lile lile Alhamisi nyingine, wala asiulize hata siku moja alipitia mlango gani na nani aliuacha wazi. Kumbuka karamu ya mwisho anavyoisimulia Mathayo. Yesu anasema mmoja wenu atanisaliti. Wanaume wale wameishi pamoja, wamekula pamoja, wanajuana tabia. Hakuna aliyemnyooshea mwenzake kidole. Walihuzunika, wakaanza kuuliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Kumi na mmoja kati yao hawakuwa na hatia hiyo, na bado waliona kwamba jina lao lingeweza kuwa jibu. Waislamu nao husoma katika Sura Yusuf kwamba nafsi huamrisha sana maovu, na anayesema maneno yale hamsemi Firauni wala dhalimu wa mbali. Anaisema nafsi yake mwenyewe. Wazee wa dini zote mbili walilijua jambo hili kabla ya sisi wenye vyeti.

Wenye vyeti walilifikia kwa njia ndefu. Mwaka wa 1961, katika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, mwanasaikolojia Stanley Milgram alitangaza gazetini kwamba anatafuta watu wa kusaidia utafiti wa kumbukumbu. Wakaja watu wa kawaida: makarani wa posta, walimu, wauzaji, vibarua. Kila mmoja alikalishwa mbele ya mashine yenye swichi 30, akaambiwa ampige shoti ya umeme mtu aliye chumba cha pili kila anapokosea jibu, na kila kosa apandishe kiwango, kutoka volti 15 hadi 450. Shoti hazikuwa za kweli, na yule wa chumba cha pili alikuwa akiigiza, lakini mpigaji hakuambiwa hivyo. Nyuma yake palikuwa na msimamizi mwenye koti la maabara aliyemwambia aendelee kila mpigaji aliposita. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1963 yalionyesha kwamba watu 26 kati ya 40 walifika volti 450, hata baada ya mtu wa chumba cha pili kugonga ukuta na kisha kunyamaza kabisa.

Watafiti waliokuja baadaye wameonyesha kwamba baadhi ya wale wapigaji walishuku ni mchezo, na hiyo ni hoja ya haki. Mimi kinachonivuta zaidi ni jinsi hesabu ilivyobadilika Milgram alipobadilisha chumba. Msimamizi alipotoka akawa anaagiza kwa simu, waliofika mwisho walipungua hadi karibu mmoja kati ya watano. Na mpigaji alipokalishwa pamoja na wenzake wawili ambao katikati ya kazi walisimama wakakataa, walioendelea hadi mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40. Watu walikuwa wa aina ile ile, wametoka mji ule ule. Aliyebadilika ni aliyekaa kando yao. Washike hao wawili waliokataa, nitawarudia.

Lakini Milgram hakufikii wewe, na nisingependa umtumie kujifariji. Wale watu walitetemeka, walitokwa na jasho, wengine walicheka kicheko cha kuchanganyikiwa. Walitii huku wakiumia. Nyumbani kwako hakuna aliyekuagiza, na umesema ulisikia raha. Hapo vitabu vingi huniacha njiani, na inanibidi nikuonyeshe kitu changu.

Mwaka wa 1978 nilikuwa darasa la tano katika shule ambayo sitaitaja, nami ndiye niliyekuwa monita. Mwalimu akitoka, kazi yangu ilikuwa kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Aliyezungumza mara mbili aliandikiwa mbili kando ya jina, aliyezungumza mara tatu, tatu, na mwalimu akirudi hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya viboko. Siku moja nilimwandika msichana wa dawati la mbele, karibu na dirisha. Hakuwa amefungua mdomo. Alikuwa akichonga penseli kwa wembe, na yale maganda akiyakusanya kwenye kifuniko cha kalamu yasichafue sakafu. Hakuwa amenikosea kitu, wala hatukuwa na ugomvi. Aliinua macho akaliona jina lake, akanitazama bila kusema neno, kwa kuwa kusema kungemwongezea. Nikaichukua chaki tena, nikaandika mbili. Na nikasikia joto kifuani, joto tamu kama la chai asubuhi ya Julai. Alichapwa viboko viwili viganjani, akarudi kukaa, akaendelea kuchonga ile penseli kwa mikono inayotetemeka.

Viboko shuleni vilipigwa marufuku nchini mwaka wa 2001, na tukizungumza habari za enzi zile humlaumu mwalimu. Mwalimu ana lake la kujibu. Lakini jina lile likiandikwa ubaoni, mwalimu hakuwepo. Nilikuwepo mimi na chaki.

Ile mbili, dada, ndiyo saa yako.

Nilisomea saikolojia. Nikasoma habari za Adolf Eichmann, yule ofisa aliyepanga usafiri wa Wayahudi kupelekwa kuuawa, na ambaye kesi yake ilisikilizwa Jerusalem mwaka ule ule wa 1961. Ningeweza kuieleza kesi ile saa nzima bila kushika karatasi, na hata mara moja sikuuweka ubao wa darasa la tano karibu nayo. Nilikuwa nimepita miaka arobaini siku nilipothubutu. Sikujiona nimelingana na Eichmann. Viboko viwili si mauaji, na anayesema makosa yote ni mamoja anawakosea heshima waliouawa. Kilichonitikisa ni kwamba ile raha ya kumshikilia mtu mkononi niliifahamu. Nilikuwa nayo nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimeshiba, nimevaa viatu, na hakuna aliyekuwa amenionea.

Kofi lako la kwanza naweza kulieleza. Ulikuwa umetoka kazini, ambako pengine kuna anayekupandishia sauti na huwezi kumjibu. Ulisimama steji mvua ikinyesha na nauli ikipanda kila gari likifika. Ulikwama Barabara ya Jogoo. Na sweta ile ni pesa. Hasira iliyokosa pa kwenda huteremka, hupita wa juu na wa kati, hadi impate wa chini kabisa. Kueleza si kuhalalisha, lakini inaelezeka. Kofi la pili halikutoka huko. Alipokwambia "Pole, mama," ugomvi ulikuwa umekwisha, na kilichokuwa kimebaki sebuleni ni jambo ulilokuwa umeligundua wakati huo huo: umempiga mtu, na aliyeomba radhi ni yeye. Kutwa nzima ulikuwa mdogo, na sasa mbele yako kuna uso unaokwambia wewe ni mkubwa. Ulitaka kuuona tena. Raha hiyo haihitaji kichaa wala pepo. Mtu akishampata asiyeweza kumrudishia, na mlango ukiwa umefungwa, iliyobaki ni hadithi tu ya kwamba anastahili.

Na hadithi hiyo haikuanza Alhamisi. Katika barua yako ni "msichana wa kazi," kisha ni "msichana mzuri," na kwa mumeo yumo ndani ya "hawa." Jina lake halimo. Huenda umelificha kwa kumsitiri, na kama ndivyo, umefanya vyema. Lakini jiulize nyumbani anaitwaje. Watoto wako bila shaka wanamwita anti. Wewe je? Unajua kwao wanamwitaje?

Halafu kuna sentensi uliyoipitisha katikati bila kuiuliza swali: mnamlipa 9,000, na Jumapili hatoki. Agizo la mishahara la Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sikuandikii haya kama ofisa wa leba. Nakuandikia kwa sababu naamini kofi lile lilishuka kwa ngazi. Kila mwisho wa mwezi ulipomhesabia pungufu, naye akapokea kwa mikono miwili akashukuru, ulijifunza kwamba huyu hasemi. Kila Jumapili mlipotoka mmependeza, wewe umebeba joho lako la kwaya, naye akabaki na mtoto mgongoni akifunga mlango nyuma yenu, ulijifunza tena. Ilipofika Alhamisi mkono wako ulikuwa umeshahitimu. Ndiyo maana sishangai kwamba hukuona lolote baya katika sentensi ile. Tukiutafuta uovu wetu huwa tunautafuta mahali palipotokea kelele, na sehemu kubwa yake inakaa kwenye yale tunayoyaita kawaida.

Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Stanford, alieleza vizuri jinsi watu wema wanavyoizima dhamiri yao kwa muda kisha wakaiwasha tena. Njia moja ni maneno. Sisi hatusemi tumempiga mtu. Tumemnyoosha, tumemtia adabu, tumemkaza. Njia nyingine ni kumgeuza aliyeumizwa kuwa mkosaji: mbona aliificha sweta? Aliificha kwa sababu alikuogopa kabla hujampiga. Naomba hilo ulifikirie ukiwa peke yako.

Ukienda Nyayo House kushughulikia pasipoti, chini ya miguu yako kuna vyumba ambamo katika miaka ya 1980 watu waliteswa kwa ajili ya siasa, wakifungiwa gizani, wengine wakisimamishwa katika maji. Vilifunguliwa kwa umma mwaka wa 2003. Waliofanya kazi ile walikuwa watumishi wa serikali wenye mshahara, na zamu ikiisha walikwenda nyumbani kwao. Na Januari 2008, baada ya uchaguzi, waliosimama barabarani na mapanga wakiitisha vitambulisho ili wajue jina la mtu linatoka upande gani, walikuwa vijana wa mitaa hiyo hiyo. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika majuma yale. Mmoja wa vijana hao alikuja kukaa mbele yangu miaka kadhaa baadaye, na alikubali niliseme hili bila kumtaja. Ni fundi seremala. Asubuhi ya siku ile alikuwa amembebea maji mama mgonjwa wa ploti ya jirani, mtungi wa lita ishirini, hadi mlangoni kwake. Jioni alikuwa kwenye kizuizi cha barabarani. Alinionyesha viganja vyake akasema, "Ni mikono ile ile, daktari." Alikuwa amekwisha kusema shetani, alikwisha kusema wanasiasa, alikwisha kusema pombe. Wanasiasa wana lao, na ni kubwa. Lakini siku aliposema ni mikono ile ile ndiyo siku tuliyoanza kazi.

Sasa umeniuliza kama wewe ni mtu mbaya. Nikikujibu ndiyo, utalia, utafunga siku tatu, na msichana ataendelea kuamka saa kumi na moja alfajiri kwa 9,000 zile zile. Nikikujibu hapana, utalala. Katika majibu yote mawili habari ni yako tu. Yeye hayumo. Ninaloweza kukwambia ni kwamba uwezo huo unao. Mimi ninao, mumeo anao, pasta anao. Hukuupata Alhamisi, uliuona Alhamisi, na kuuona kunaweza kuwa jambo jema kuliko yote yaliyokupata mwaka huu. Anayejua kwamba jiko la makaa huua usiku hakai akilia kwamba amefuga muuaji. Hulitoa nje kabla ya kufunga mlango, kila usiku, hata usiku ambao amechoka na kuna baridi.

Basi lijue jiko lako. Wengi huniuliza namna ya kuzuia hasira, na kwa kofi la kwanza hilo linafaa: keti kwenye ngazi za fleti dakika tano kabla ya kubisha hodi, kunywa maji, ingia ukiwa umekwisha kufika. Kwa kofi la pili dalili yake si hasira. Dalili ni utulivu. Ukijisikia umetulia ghafla na mtu mdogo kuliko wewe amesimama mbele yako akikutazama mikono, hapo ndipo pa hatari. Toka nje. Shuka hadi getini ukasimame na bawabu, hata ikiwa ni saa sita usiku.

Mumeo mwambie habari ya saa. Najua anajua kuhusu makofi, lakini nina hakika hujamwambia ulivua saa na ulijisikiaje. Alipokwambia hawa lazima wakazwe, alikaa mahali pa yule mwenye koti la maabara. Unamhitaji akae mahali pa wale wawili waliosimama wakakataa. Mwombe waziwazi: akikuona namna hiyo tena, aseme acha, hata mbele ya watoto. Na akianza kusema "hawa," umwulize hawa ni akina nani. Itakuwa mazungumzo magumu kuliko sala yoyote uliyosali wiki hii.

Kisha yeye mwenyewe. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walifufua mahakama za vijijini za gacaca, ambazo ziliendeshwa nchi nzima kuanzia 2005 hadi 2012 na kusikiliza kesi karibu milioni mbili. Zina lawama zake, na wapo waliokiri ili watoke gerezani tu. Lakini kuna jambo walilolishika sawasawa. Mshtakiwa aliyetaka kupunguziwa adhabu kwa kukiri hakuweza kusema nimekosa, nisameheni, akaketi. Alitakiwa aseme alitenda nini, kwa nani, wapi, pamoja na nani. Sisi huku tumezoea kuomba msamaha kwa jumla. Tunasema "kama nilikukosea," tunasema "yaliyopita si ndwele," na aliyeumizwa anabaki akijiuliza kama kweli lilitokea.

Usimwombe msamaha usiku, na usimwombe akiwa amesimama jikoni na mikono yenye sabuni. Chagua mchana, mketi wote wawili kwenye viti. Mwite kwa jina lake. Sema: nilikupiga makofi mawili, la pili nilikupiga nikiwa nimetulia, hukustahili hata moja. Neno "lakini" lisikutoke. Sweta usiitaje. Ile raha usimwambie. Huo ni mzigo wako, upeleke kwa mshauri, kwa mumeo na kwa Mungu. Binti anayelala chini ya paa lako hawezi kuusikia akapata usingizi. Usimpe leso mpya wala noti ya elfu badala ya maneno. Kama watoto waliona, waite baadaye uwaambie mama alifanya kosa, kwa sababu wao nao wanajifunza nani anaweza kupigwa.

Mshahara urekebishe mwezi huu. Ukiona hamwezi kuumudu, basi hamwezi kuwa na mtu wa kulala kwenu, mtafute wa kuja mchana au mpange zamu na mumeo. Hilo nalisema nikijua wazazi wengi wanaofanya kazi Nairobi wataniona sina huruma. Jumapili ni yake, na asiulizwe anakwenda wapi. Mwambie kuna chama cha wafanyakazi kinachowahusu watu wa kazi yake, KUDHEIHA, na kwamba kumpiga mtu ni kosa la jinai ambalo ana haki ya kulipeleka polisi, nawe hutamzuia wala kumfukuza kwa hilo. Utaogopa kuyatamka. Naona hofu hiyo ni ya haki, na ni ndogo kuliko aliyokuwa nayo yeye akiwa ameshika sweta iliyoungua, akisikiliza viatu vyako vikipanda ngazi.

Pengine atakujibu, "Hakuna shida, mama." Usiyapokee maneno hayo kama risiti. Ndivyo alivyokwambia "pole" shavu likiwa bado linawaka. Mwache siku zipite, uangalie kama bado anashtuka ukiinua mkono kuchukua kikombe kabatini. Itachukua muda, na huna ruhusa ya kumharakisha.

Na akisema anataka kwenda kwao, usimbembeleze abaki ili wewe upate nafuu. Mlipe mshahara wake wote na pungufu la miezi iliyopita kadiri unavyoweza, umwandikie barua nzuri ya kumtambulisha kwa mwajiri mwingine, umsindikize hadi kituo cha basi, umkatie tiketi. Na ikiwa yeye mwenyewe ataridhia, mpigie mama yake simu kabla basi halijafika, umwambie kwa mdomo wako kwa nini bintiye anarudi.